Jini Lako Linachekesha: Mwongozo Kamili wa Kuchora Katuni ya Kutisha ya Kimila, Kurasa 8

Fremu ya kwanza, mwezi mpevu juu ya mnazi. Fremu ya pili, jini lenye kwato, meno ya msumeno na damu inayochuruzika. Msomaji anacheka, anamwonyesha mwenzake, wanacheka wote. Mchoraji anadhani mkono wake ndio wenye kosa, anarudi kuchora meno marefu zaidi.

Mkono hauna kosa. Kosa ni kulitoa jini nje kabla msomaji hajaanza kupaogopa mahali. Hadithi ya kutisha ya kimila inasimama juu ya vitu vitatu: mahali penye mwiko, wenyeji wanaoujua mwiko huo, na mgeni asiyeujua au anayeudharau. Wanaotisha ni wenyeji. Ni watu wa kawaida, wakarimu, waliokubaliana jambo ambalo mgeni hajaambiwa. Jini linaweza lisionekane hata mara moja.

Mwongozo huu unakufikisha kwenye kijitabu cha kurasa 8, ukubwa wa A5, nyeusi na nyeupe, kinachotoka vizuri kwenye mashine ya fotokopi. Mfano ni mmoja tangu mwanzo: Rehema, msichana wa Dar es Salaam, anakwenda kumuuguza bibi yake kijijini kusini mwa jiji la Tanga, upande wa Tongoni. Kijiji chenyewe ni cha kubuni. Na chako kiwe cha kubuni, sababu zinakuja.

## Vifaa

- Karatasi nyeupe za A4, angalau 20 za gramu 80 kwa rasimu, na 10 nzito (gramu 160 kwenda juu, au manila nyeupe laini iliyokatwa) kwa kazi ya wino.
- Penseli HB na 2B, raba laini, rula ya sentimita 30.
- Peni za wino usiofutika kwa maji, zenye ncha za milimita 0.5 na 0.8. Ile ya 0.3 iache dukani, utaona kwa nini kwenye hatua ya 7.
- Brashi ndogo namba 2 na kichupa cha wino mweusi, au maka peni nyeusi yenye ncha ya mviringo.
- Wino mweupe wa kufutia makosa.
- Folda ya plastiki inayofungwa. Hewa ya Tanga ina unyevu, na wakati wa masika karatasi iliyoachwa mezani usiku kucha inakunjamana kingo.
- Daftari la kutembea nalo.

Vyote vinapatikana kwenye steshenari za Ngamiani, jijini Tanga. Kompyuta haihitajiki. Simu yenye kamera itatumika mwishoni tu.

## Hatua ya 1: Tafuta mahali, kisha mwiko

Anza na mahali, jini liache kwanza. Mkoa wa Tanga umejaa mahali panapofaa, na kila mahali pana namna yake ya kutisha kwenye karatasi.

Mashamba ya mkonge yanakupa mistari. Mimea imepangwa safu kwa safu mpaka upeo wa macho, majani yana ncha za miiba, na ukiyachora unajikuta umechora kitu kinachofanana na jeshi lililosimama. Mkonge huchanua mara moja tu, hutoa mlingoti mrefu, kisha hufa. Kwa mwandishi wa hadithi za kutisha hiyo ni zawadi.

Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya jiji, yanakupa weusi, popo na dari ya chokaa inayoning'inia. Yana pia sehemu ambako watu huacha sadaka zao. Ukienda, ingia na mwongozaji, chora kuta, na usimpige picha mtu aliyekuja kutambika. Huyo si kivutio.

Magofu ya Tongoni yanakupa makaburi yenye nguzo. Mikoko inakupa mizizi na maji yanayopanda na kushuka. Aliye Bagamoyo anayo magofu ya Kaole, na hatua zote zinabaki zilezile.

Kaa mahali hapo saa mbili. Jaza kurasa nne za daftari: milango, makomeo, vikapu, mbuzi ya kukunia nazi, namna kamba ya nguo inavyofungwa. Vitu hivi vidogo ndivyo vitakavyomfanya msomaji aamini, na akishaamini ndoo atakiamini na kitakachotoka nyuma ya ndoo.

Sasa mwiko. Uwe mmoja, wa maneno machache, na uwe umegongana na adabu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachagua mwiko ambao mtu mwenye akili hawezi kuuvunja ("usifungue chungu chenye fuvu"), kisha wanalazimika kumfanya mgeni mjinga. Msomaji hamwogopei mjinga.

Katika mfano wetu: *ukiitwa usiku, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu*. Watoto wengi wa pwani wamekua wakisikia mwiko wa kutoitika ovyo usiku, basi hauhitaji maelezo. Lakini Rehema amelelewa vizuri. Mtoto wa kike aliyelelewa vizuri akiitwa na bibi yake husema "Abee!" papo hapo, hangoji. Adabu yake ndiyo mtego.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwambia mtu mwiko wako kwa pumzi moja, naye akauliza, "Kwa nini?"

## Hatua ya 2: Wenyeji wanapata nini?

Andika sentensi tatu, zisizidi: mgeni amefuata nini, mwiko utavunjwaje, na wenyeji wanafaidika nini ukivunjwa.

Sentensi ya tatu ndiyo yenye uzito. Kwetu iko hivi: bibi ni mgonjwa, na mgeni akiitika sauti ya usiku, mgonjwa hupona. Kijiji kizima kinajua. Hakuna anayemchukia Rehema. Wanampenda sana, wanamletea madafu.

Methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" unaijua tangu utoto. Isome tena ukimfikiria bibi huyu. Hatukubuni neno hata moja. Tafuta methali ya namna hiyo kwa hadithi yako, yenye maana njema mchana na nyingine usiku.

Angalizo, na hili si la mapambo. Usimfanye kikongwe kuwa mchawi kwa sababu tu ni kikongwe au ana macho mekundu. Nchini kwetu wazee wameuawa kwa dhana hiyohiyo. Usimtumie mtu mwenye ualbino kama kitu cha kutisha au cha kafara, sababu unaijua. Na usitaje kijiji halisi wala mtu halisi: Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inahesabu kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, na puto la maneno, yaani kile kiduara chenye maneno ya mhusika, halikuachi nje ya sheria. Ndiyo maana katika mfano wetu wenyeji ni mchanganyiko: mzee mvuvi, mama kijana, barobaro wa bodaboda, mwenye duka. Hofu ikienea kwa wote, haimwangukii mnyonge mmoja.

Jambo jingine dogo. Usiandike "Tanga" kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza ukitegemea sifa za mji za uchawi zikufanyie kazi. Msomaji wa Dodoma ataogopa kabla hujaanza, ndiyo, lakini ataogopa kwa utani.

## Hatua ya 3: Ramani ya kurasa

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha katuni na hadithi ya redioni. Msomaji wa kijitabu ana mkono, na mkono huo unafunua ukurasa. Kila anapofunua, kuna sekunde moja ambapo hajui kilichoko upande wa pili. Hofu yako iweke hapo.

Chukua A4 mbili, kunja pamoja katikati, andika namba 1 hadi 8. Utaona kwamba 2 na 3 zinatazamana, 4 na 5 zinatazamana, 6 na 7 pia. Msomaji anafunua baada ya 1, 3, 5 na 7. Kwa hiyo:

- Swali liwekwe fremu ya mwisho ya ukurasa wa 3, 5 au 7.
- Jibu liwekwe mwanzo wa ukurasa wa 4, 6 au 8.

Ukiweka jambo la kushtua ghafla ukurasa wa 3 au 5, jicho litaliona likiwa bado linasoma ukurasa wa 2 au wa 4. Umepoteza.

Ramani ya Rehema:

Ukurasa wa 1 (jalada). Uani mchana. Mzee anashona wavu, mama anasuka ukili, kijana anapaa samaki. Kando yao kuna mbuzi ya kukunia nazi, haijakaliwa na mtu. Hakuna damu wala mwezi.

Ukurasa wa 2. Rehema anashuka kwenye daladala, anamwamkia bibi. Bibi hawezi hata kuinua kata ya maji. Mwiko unatajwa wakati wa kupakua chakula, kama mtu anavyosema "funga mlango, mbu wengi".

Ukurasa wa 3. Usiku wa kwanza. Sauti inaita mara moja. Fremu ya mwisho, Rehema ameinua kichwa kwenye mto.

Ukurasa wa 4. Msomaji anafunua akitegemea jini, anakuta jua kali la asubuhi na jirani anatabasamu: "Umeamkaje, mwanangu? Hukuitwa?" Swali hilo linaulizwa na watu watatu tofauti kabla ya adhuhuri.

Ukurasa wa 5. Usiku wa pili. Bibi amelala kitandani, anakoroma. Nje, sauti ya bibi. Fremu ya mwisho ni midomo ya Rehema peke yake, inafunguka.

Ukurasa wa 6. Picha moja, ukurasa mzima. Neno moja: "Abee!" Nyumba ya Rehema inaonekana kwa juu, na kwenye kila mlango wa kijiji amesimama mtu na koroboi mkononi. Wote wanatazama dirisha lake. Hakuna anayekwenda.

Ukurasa wa 7. Asubuhi. Bibi anateka maji. Fremu sita tulivu.

Ukurasa wa 8 (mgongo). Picha ya jalada ileile. Mbuzi ya kukunia nazi sasa ina mtu.

Kuna mitego miwili kwenye ramani hii. Wa kwanza, ukurasa wa 7 unaonekana pamoja na wa 6, basi usiwe na weusi mwingi wala sura kubwa itakayoshindana nao. Wa pili, ukurasa wa 8 ni wa nje: kijitabu kikilala kifudifudi mezani, mtu anaona mwisho kabla ya mwanzo. Kwa hiyo picha ya mwisho isimwambie lolote asiyesoma. Msichana anakuna nazi, basi. Aliyesoma ndiye ataiweka chini taratibu.

## Hatua ya 4: Chora gridi

Kwenye A4 nzito, acha ukingo wa sentimita 1.5 pande zote. Unabaki na eneo la sentimita 18 kwa 26.7. Gawa safu mbili za wima na tatu za mlalo, ukiacha mwanya wa nusu sentimita kati ya fremu. Kila fremu inakuwa sentimita 8.75 kwa 8.5, na inabaki chenga ya milimita mbili chini.

Tumia gridi hiyohiyo ya fremu sita kwenye kurasa 2, 3, 4, 5 na 7. Ndiyo, inachosha, na tunataka ichoshe. Fremu zinazofanana humfungia msomaji kwenye mwendo mmoja, kama maisha ya kijiji. Ukurasa wa 6 ukifunguka bila kuta, mwili unashtuka hata kabla ya jicho kuelewa. Mchoraji anayepinda fremu na kuzichana kila ukurasa amebakiwa na kelele tupu siku ya tukio.

Mwanya mweupe kati ya fremu nao una kazi. Kilichotokea humo, msomaji anakichora mwenyewe, na yeye anajua anachoogopa kuliko wewe. Kwenye ukurasa wa 7: fremu ya 1, komeo la mlango limefungwa. Fremu ya 2, komeo limefunguliwa. Fremu ya 3, kitanda na shuka lililokunjwa vizuri. Hatukuchora anayefungua, wala anayetoka, wala aliyekunja shuka. Hasa aliyekunja shuka.

## Hatua ya 5: Penseli, mahali kwanza

Kabla ya kuchora mtu yeyote, chora ramani ya kijiji kwa juu: nyumba ya bibi, kisima, choo, njia ya kwenda kwenye mikoko, bahari. Bandika ukutani. Kila fremu lazima ikubaliane nayo. Msomaji akipotea, anaacha kuogopa, anaanza kutafuta choo kiko wapi.

Makosa ambayo msomaji wa pwani hatakusamehe:

Jua. Bahari iko mashariki. Jua la Tanga linachomoza upande wa bahari na kuzama upande wa milima ya Usambara. Ukichora machweo juu ya maji umeshachekesha bila jini.

Kivuli. Tuko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini au karibu nalo, na kivuli kimejikunja miguuni. Itumie. Hofu ya mchana kweupe ni ngumu kuichora lakini inakaa zaidi. Kwenye ukurasa wa 4, watu watatu wanaouliza "Hukuitwa?" wana vivuli vifupi. Wa tatu mpe kivuli kirefu kidogo kinachoelekea kwa Rehema. Usikitaje popote.

Maji. Bahari ni saa ya bure. Badala ya kuandika "Baadaye…", onyesha maji yamefika wapi kwenye mizizi ya mikoko. Siku za mwezi mpevu, wakati wa bamvu, yaani bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi na usiku. Basi Rehema akiitwa usiku wa manane wenye mwezi mpevu, maji yako njiani yanapanda. Fremu ya 1 tope tupu, fremu ya 3 maji kwenye vidole vya mizizi, fremu ya 5 mizizi imemezwa. Hakuna aliyesema neno, lakini kitu kinasogea.

Sasa watu. Sura za wenyeji zichore kwa upole: mashavu, mikunjo ya kicheko, macho ya kawaida. Nyusi zilizoinama kama za mwizi wa filamu zinafichua kila kitu mapema. Badala yake tumia *mwelekeo wa macho*. Kwenye kila fremu yenye umati, watu wote watazame shughuli zao isipokuwa mmoja anayemtazama Rehema. Kwenye fremu inayofuata, wawili. Ukifika ukurasa wa 6 wawe wote.

### Kanga ya bibi

Hapa chora taratibu, kwa sababu kanga ni puto la maneno ambalo hakuna anayelisema.

Kanga ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani maandishi, juu ya pindo la chini. Jina la kanga ya bibi ni MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Ukurasa wa 2 bibi amejifunga mgongo ukiwa umepinda kwa ugonjwa, na mkunjo wa kitambaa unameza nusu ya pili. Msomaji anasoma MGENI NJOO tu. Karibu, mgeni. Ukurasa wa 4, mkunjo umesogea, inaonekana MGENI NJOO MWENYE. Ukurasa wa 7 bibi amesimama wima, ndoo kichwani, kanga imenyooka, na jina lote linasomeka kwa mara ya kwanza.

Herufi zifuate mikunjo. Ukiziandika bapa kama kibao cha duka, jicho litajua zimebandikwa na litazitilia shaka tangu mwanzo. Njia rahisi: andika maneno kwenye ukanda wa karatasi, ukunje kama kitambaa kinavyokunjwa, kisha chora unachokiona. Herufi iliyokatwa na mkunjo ibaki imekatwa, usiisaidie.

Umefaulu ikiwa mtu akiona ukurasa wa 2 peke yake anaona kanga ya kawaida tu.

## Hatua ya 6: Maneno na mikia ya maputo

Andika maneno kabla ya wino, kwa penseli, yakiwa na nafasi yake. Puto moja lisizidi maneno 20. Anayesema kwanza awe kushoto na juu, kwa sababu ndiko jicho linakoanza. Herufi ziwe na kimo cha milimita 4 kwenye A4, zikipunguzwa kwenda A5 zitabaki karibu milimita 2.8. Chini ya hapo, msomaji wa koroboi hawezi, na wa miwani pia.

Hadithi za redio zinasikika. Katuni ni bubu, na ububu huo una faida ambayo redio haina: unaweza kuchora *sauti ilikotoka*. Kila puto lina mkia unaoelekea mdomoni.

Mpe bibi puto lake la pekee tangu ukurasa wa 2: mstari unaotetemeka kidogo, herufi zilizolala kushoto. Lirudie kila anaposema mpaka msomaji alijue bila kutazama mkia. Kisha ukurasa wa 5, fremu ya 4: bibi amelala, mdomo umefumba, "khrrr" ndogo juu yake. Upande wa dirisha, puto lenye mstari uleule, herufi zilezile: "Rehema…" Mkia wake unapita dirishani, unatoka nje ya fremu, unaelekea kwenye mikoko. Hauishii kwa mtu.

Hiyo ndiyo fremu ya kutisha kuliko zote kwenye kijitabu, na haina kitu ndani yake ila mwanamke mzee aliyelala.

Makosa ya kawaida hapa ni mawili. Mchoraji anaongeza sauti nyingi: BUUUM, KRAAASH. Lugha yetu ina tanakali zake, na zinatisha zaidi zikiwa ndogo. *Ngo. Ngo.* kwenye mbao. *Chubwi* majini. Kosa la pili ni masimulizi ndani ya kisanduku: "Rehema aliogopa sana." Kama umemchora ameogopa, umesema mara mbili. Kama hukumchora, rudi ukamchore.

Mazungumzo yawe ya pwani na ya umri. Rehema hamjibu mwenye duka "Mambo". Anaanza na "Shikamoo", anapokea "Marahaba, mwanangu", ndipo linakuja swali. Ukarimu huu usiufupishe. Kadiri salamu zinavyokamilika, ndivyo "Hukuitwa?" inavyoingia vibaya.

## Hatua ya 7: Wino

Weka karatasi chakavu chini ya mkono unaochora. Jasho likigusa wino uliokauka nusu, ukurasa wote umekwenda.

Anza na maputo na herufi, kisha kingo za fremu, kisha watu, mwisho mandhari. Mpangilio huu una sababu: ukianza na mandhari utagundua puto halina mahali, na utalibana juu ya kichwa cha mtu.

Mistari isiwe chini ya 0.5. Kijitabu kitapunguzwa hadi asilimia 71, na mstari wa 0.3 unabaki kama 0.2. Fotokopi nyingi za mtaani zinaumeza. Mistari ya mbele, yaani mikono, komeo na kanga, ipige kwa 0.8.

Weusi ni suala la peke yake. Mashine iliyochoka haiwezi kujaza eneo kubwa jeusi: kingo zinatoka nyeusi na katikati kijivu chenye madoa. Usiku wako utafanana na shati lililofuliwa mno. Dawa yake ni kuvunja weusi kwa mistari myembamba ya karatasi nyeupe: majani, nyuzi za makuti, mistari ya maji. Kwenye ukurasa wa 6, giza kati ya nyumba liwe la mistari iliyokaribiana, na miale ya koroboi iachwe karatasi tupu. Usijaribu kuichora miale kwa wino mweupe baadaye, inaonekana kama chokaa.

Subiri angalau nusu saa kabla ya kupiga raba, na siku ya mvua subiri zaidi. Wino ukivutwa na raba, ngoja ukauke kabisa, gusia tena kwa brashi.

## Hatua ya 8: Kutoa nakala

Punguza kila ukurasa hadi asilimia 71, kisha panga kwenye A4 iliyolala:

- Karatasi ya kwanza, mbele: 8 kushoto, 1 kulia. Nyuma: 2 kushoto, 7 kulia.
- Karatasi ya pili, mbele: 6 kushoto, 3 kulia. Nyuma: 4 kushoto, 5 kulia.

Mashine ikitoa pande mbili yenyewe, mwambie fundi ageuzie upande mfupi. Ukigeuzia mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini. Toa nakala moja, kunja, soma yote, ndipo utoe 50. Stepla mbili kwenye mkunjo zinatosha.

Kwa simu, mambo yanabadilika. Hakuna ukurasa wa kufunua, kuna kidole kinachotelezesha. Kata kila fremu iwe picha ya peke yake, na fremu ya midomo ya Rehema iwe ya mwisho kabla ya ile picha kubwa. Piga picha za kurasa nje, kivulini, asubuhi, karatasi ikiwa bapa. Ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha ya kawaida herufi za kanga zinaliwa, na bila kanga hadithi haipo.

## Hatua ya 9: Mpe mtu asome, nyamaza

Chagua msomaji asiyeijua hadithi. Usimweleze chochote. Kaa pembeni, tazama mkono wake.

Akifunua ukurasa wa 5 haraka kama alivyofunua wa 3, mkia wa puto haujaonekana: uongeze unene, au ondoa kitu kinachoushindania jicho. Akicheka ukurasa wa 6, hesabu watu milangoni, pengine ni wachache mno au mmoja ana sura ya ubaya. Akikuuliza "Jini liko wapi?", rudi hatua ya 2, kwa sababu hajaelewa wenyeji wanapata nini.

Akimaliza ukurasa wa 8 kisha akarudi mwenyewe ukurasa wa 2 kuitazama tena kanga, usiguse kitu. Peleka ikatolewe nakala.